Kipande cha chuma jichoni: msisubiri Jumatatu

Mkuu, unasema mdogo wako alikuwa anagonga chuma kwa nyundo leo mchana, kipande kikamrukia jichoni, na kwa kuwa "jekundu kidogo tu, anaona" aweke matone asubiri kliniki ya Jumatatu. Mpeleke usiku huu huu. Mimi nilisubiri.

Nilikuwa nang'oa beringi kwa nyundo na tindo iliyochanua kichwa. Kitu kikanipiga jicho la kushoto, nikadhani mchanga. Nikanawa, kazi ikaendelea. Duka la dawa wakanipa matone. Baadaye nikaja kuambiwa yana steroidi, yaani yanafuta wekundu huku wadudu wanakula raha. Siku ya tatu alfajiri nikaamka kope zimevimba, maumivu mpaka kisogoni, taa naiona kama ipo nyuma ya chai ya maziwa. Daktari akamulika: usaha umetuama mbele ya jicho. Eksirei ikaonyesha kichuma mfano wa punje ya ulezi, kimezama ndani kabisa.

Kilichonidanganya ni lile tundu kichuma kilipoingilia. Ni dogo, linajifunga lenyewe, unadhani umepona. Kumbe chuma kimeshaingiza bakteria kwenye ute wa ndani, ambako hakuna mishipa ya damu ya kuwapiga vita, na matone hayafiki huko. Ndiyo maana nilichomwa sindano ndani ya jicho lenyewe (vankomaisini na seftazidimu, dawa za kuua bakteria), kisha upasuaji wa kutoa ute na kile kichuma. Waliokuwa kwangu ni bakteria wa kwenye ngozi, wapole kidogo. Wangekuwa Bacillus cereus, wale wa udongoni, jicho lingeweza kuharibika ndani ya siku moja au mbili.

Kwa sasa asilisugue, asilibonyeze, na kama kuna kitu kimechomoza msikivute. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kifunike jicho bila kuligusa, bandika plasta. Matone, mafuta, maziwa ya mama, hapana. Asile wala kunywa, huenda akaingia upasuaji leo. Mwambieni daktari wazi kwamba ni chuma kiligonga chuma, ili apige picha (MRI asiwekwe, sumaku yake inaweza kukisogeza), na muulize sindano ya pepopunda. Kama hawana bingwa wa macho, ombeni rufaa hapo hapo, msirudi nyumbani.

Mimi jicho hilo sasa nahesabu vidole tu, tena vikiwa karibu. Mkishaonwa rudi uandike hapa.