Maswali ya Wasomaji: Mpunga Unaokinza Blasti Unaposhindwa

SWALI: Mhariri, tulipanda aina ya mpunga tuliyoambiwa inakinza ugonjwa wa blasti. Misimu ya kwanza ilistawi, lakini sasa majani yana madoa na masuke yanakauka shingoni, yamejaa mapepe. Je, tuliuziwa mbegu bandia?

JIBU: Mbegu bandia zipo, lakini aina moja inaposhindwa katika mashamba mengi kwa mpigo, aghalabu kilichobadilika ni kuvu inayoleta ugonjwa, Pyricularia oryzae, wala si mbegu. Litazame kwa makini doa moja la jani: ncha zake mbili zimechongoka, katikati ni kijivu na kingo ni za kahawia. Usiku wenye umande doa hilo hutoa spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huenea kwazo, kwa maelfu, na mara mojamoja hutokea miongoni mwao iliyotofautiana kidogo na nyingine.

Tofauti hiyo ndogo inatosha. Jeni ya ukinzani iitwayo Pi-ta, kwa mfano, huitambua protini moja tu ya kuvu, nayo ikishaitambua, seli za jani zilizovamiwa hujiua ili ugonjwa usisambae; ni kama mlinzi amjuaye mwizi kwa kofia yake. Jeni inayotengeneza protini hiyo imekaa karibu na ncha ya kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya kuvu, mahali ambapo vipande hupotea kwa urahisi, na ikishapotea mlinzi haoni kitu. Mashamba yote yakiwa na aina hiyohiyo ya mpunga, ukoo mpya wa kuvu huenea bila kipingamizi.

Kwa maoni yangu, mbegu isitangazwe kuwa inakinza blasti bila kutajwa ilijaribiwa dhidi ya koo zipi za kuvu. Jeni za ukinzani zilizokwisha kutambuliwa zinapita 100, lakini iliyo na nguvu katika bonde moja huweza kuwa bure katika bonde jingine. Kwa hiyo watafiti hukusanya kuvu ya eneo husika, huipima kwenye mistari ya mpunga, yaani mbegu maalumu za majaribio, ambayo kila mmoja umebeba jeni moja inayojulikana, kisha huziunganisha jeni zilizofaulu katika aina moja, ili kuvu ilazimike kubadilika mara kadhaa kwa pamoja. Upo pia ukinzani wa kiasi, kama wa jeni pi21 iliyopatikana katika mpunga wa nchi kavu wa Japani, ambao hupunguza kasi ya ugonjwa bila kuuzuia kabisa. Huelekea kudumu zaidi, ingawa mkulima anayetaka jani lisilo na doa hataupenda.

Kwa msimu ujao badilisheni aina, na msizidishe mbolea ya naitrojeni, kwani huuchochea ugonjwa huu.

SWALI: Je, kuchanganya aina mbili shambani kunasaidia?

JIBU: Kunaweza kusaidia sana. Katika mkoa wa Yunnan, China, mpunga wa kunata unaoshambuliwa kirahisi ulipopandwa pamoja na aina zinazokinza, ukali wa blasti ndani yake ulipungua kwa asilimia 94, kama ilivyoripotiwa mwaka 2000. Huko walivuna kwa mkono, kila aina peke yake. Anayetegemea mashine atapata taabu kuzitenganisha.