Kuifungua 4A-FE nyumbani hapa Mombasa: nguvu iko wapi

Wa aleikum salaam ndugu yangu wa Kisauni. Umesema Corolla yako yenye injini ya Toyota ya 4A-FE inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na mlima wa Mazeras unaipeleka gia ya pili. Unauliza uifungue mwenyewe nyumbani, uweke turbo, au ununue injini ya mtumba kutoka Japani. Injini kama hiyo nimeifungua uani kwangu Mikindani, na naitumia kila siku. Ifungue. Ila anza kwa kurudisha nguvu iliyopotea, ndipo ufikirie kuongeza.

Injini hiyo ya cc 1587 ilitoka kiwandani na nguvu farasi zipatazo 115 kwa magari ya soko la Japani. Ringi zikiisha na vali zikawa hazikai vizuri, 115 hizo huna, na hakuna filta ya hewa wala ekzosi ya kelele itakayokurudishia. Kabla ya kugusa spana, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, injini ikiwa na moto. Nzima husoma karibu psi 190. Ikishuka kuelekea 140, au silinda moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya psi 14, kuna kazi. Kisha tia kijiko cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu upime tena. Ikipanda, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, angalia vali na gasketi ya hedi. Na huo moshi uutazame vizuri: ukitoka asubuhi tu unapowasha halafu ukakatika, mara nyingi ni sili za vali, na hapo huenda usihitaji hata kushusha injini. Ukitoka unapokanyaga mafuta mlimani, ni ringi.

Hili la Mombasa watu hulisahau wanaposoma ushauri wa wenzetu wa Nairobi. Wao wako juu takriban mita 1,700, shinikizo la hewa kwao ni pungufu kwa kama asilimia 18, kwa hiyo injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo. Sisi tuko usawa wa bahari na silinda inajaa. Nguvu hiyo tumeshapewa bure. Lakini silinda iliyojaa, pamoja na joto letu, hugonga upesi zaidi, yaani mafuta hujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Mtu wa Nairobi anaweza kuchonga hedi sana ili kompresheni ipande, na kusogeza taiming (wakati wa cheche) mbele, akaendesha salama. Ukiiga hapa utasikia injini ikigongagonga kama kokoto ndani ya kopo, na pistoni hazivumilii hilo. Turbo juu ya pistoni za kiwandani zenye uwiano wa kompresheni wa 9.5 kwa 1, mimi sikushauri kabisa.

Kufungua kwenyewe si kazi ngumu. Piga picha kwa simu, kila boliti kwenye mfuko wake ulioandikwa, kofia za konrodi na za kranki zisichanganywe wala kugeuzwa. Usininginize injini kwenye tawi la mwembe, kodisha kreni. Na usianze mvua za masika zikikaribia kama huna paa.

Kazi yenyewe iko kwenye vipimo. Silinda ipimwe juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili kwa kukingamana, ili ujue kama imepanuka juu au imekuwa yai. Ikizidi kipimo cha kitabu, itatobolewa kuwa kubwa. Nunua pistoni kwanza, umpelekee fundi wa mashine pamoja na bloku, atoboe kwa kufuata pistoni zako. Fundi asiyeziulizia pistoni, beba bloku yako uondoke. Mimi karakana moja ilinikabidhi bloku ambayo silinda ya tatu ilikuwa pana chini kuliko juu; niliipima palepale mbele yao na wakairudia. Na usidhani pistoni za kuzidi milimita 0.50 zitakupa mbio: kutoka milimita 81 hadi 81.5 unaongeza kama cc 20 tu. Faida yake ni duara safi na ringi zinazoziba.

Kila ringi itie ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zitagusana na kukwaruza ukuta. Metali (beringi) za kranki na za konrodi zipime kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa ukaonyesha mwanya, zikiwa kavu, bila kuzungusha kranki. Mwanya unaotafutwa ni wa sehemu za mia za milimita moja, na macho hayauoni.

Uchafu ndio unaoua injini nyingi za nyumbani. Ukuta ukishasuguliwa kwa mawe, vumbi lake halitoki kwa dizeli. Osha bloku kwa maji moto na sabuni, pitisha brashi kwenye njia zote za oili, futa silinda kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Tumia maji matamu, si ya kisima. Ikishakauka tu, ipake oili na uifunike nailoni. Kwa unyevu wetu ukiiacha wazi kidogo tu chuma kinaota kutu.

Hedi weka rula ya chuma upime kwa fila geji. Ikipinda zaidi ya milimita 0.05 ichongwe kidogo tu, na ipimwe nyufa kwa shinikizo. Sili za vali weka mpya zote. Hapa ndipo nguvu ya ziada ya halali ilipo: vali zinazokaa barabara, na midomo ya njia za hewa iliyolinganishwa na gasketi isiwe na ngazi. Ukitaka zaidi ya hapo, injini ya 4A-GE ya vali 20, ile yenye kifuniko cheusi, ilitangazwa na nguvu farasi 165, lakini uwiano wake wa kompresheni ni 11 kwa 1, nayo inataka petroli nzuri. Ukibadilisha injini, namba mpya iingie kwenye logbuku kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Sasa kupoza, maana hapa injini hufa kwa maji. Maji ya kisima ya chumvi huziba rejeta na kula alumini ya hedi kutoka ndani. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya kujazia betri. Kifuniko cha rejeta kiwe kipya: kile cha baa 0.9 za shinikizo husogeza kuchemka kwa maji hadi karibu digrii 118. Na thamostati irudishe, hata fundi akikuambia mji huu una joto haihitajiki. Bila thamostati, barabarani injini hukaa chini ya joto lake, kompyuta inazidisha petroli, na petroli hiyo inaosha oili kwenye silinda ulizotoka kuzilipia.

Ikishawaka usiiache ikinguruma mahali pamoja. Usiipeleke foleni ya feri ya Likoni siku ya kwanza. Chukua barabara ya Mtwapa kwenda Kilifi, kanyaga wastani, achia, kanyaga tena, ili ringi zikamatane na ukuta. Oili ya kwanza iwe ya kawaida, si ya sintetiki, umwage kwenye kilomita 500 uikague kama ina chuma.

Pima kompresheni zote nne, kavu na kwa oili, uziandike hapa kabla hujanunua kipuri chochote. Uniambie pia moshi unatoka saa ngapi, nitakujibu kama hata hiyo bloku inahitaji kuguswa.