Mteja kapanda kifurushi, spidi ileile

Kaka wa Mikindani, hilo la kumpandisha mteja wa PPPoE (anayeingia mtandaoni kwa jina na nywila) toka mega 5 kwenda 10 halafu spidi haibadiliki mpaka azime ruta ya nyumbani, kosa haliko kwa mteja. Seva ya RADIUS, ile inayohakiki wateja wako, inatoa masharti ya spidi pale mteja anapoingia tu, ukibadilisha baadae ruta yako kubwa haina habari, inaendelea na yale ya mwanzo mpaka akatike aingie tena. Dawa yake ni CoA (Change of Authorization), yani seva inaitumia ruta ujumbe wa kubadilisha spidi mteja akiwa hewani hukohuko bila kukatika. Kama ruta yako kubwa ni MikroTik, washa kupokea RADIUS incoming, fungua poti ya UDP 3799 kwenye faiwoli (ukuta wa ulinzi wa ruta) ila kwa IP ya seva yako TU, usiiache wazi kwa dunia nzima tafadhali! Halafu Mikrotik-Rate-Limit, pale unapoandika spidi kwenye seva, inaanza na aplodi ya mteja ndo inafuata daunlodi, mi hapo nilichemka nikiwa Lindi, wateja wakapewa kinyume siku nzima, iliniuma sana maana watu wamelipia. Kubadilisha IP ya mteja ndo haiwezekani kwa CoA, hapo lazima umkate kwanza.