Somo, pikipiki si yangu ila kadi ina jina langu

"Shikamoo Somo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, nakaanga samaki na maandazi. Miaka mitatu iliyopita, baada ya malipo ya korosho, mdogo wangu wa kiume alinunua pikipiki. Wakati huo hakuwa na namba ya NIDA wala TIN, akaniomba kadi itoke kwa jina langu. Sikuona ubaya, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Aliiendesha mwenyewe mwaka mmoja, kisha akampa kijana kwa hesabu. Mwezi uliopita, usiku, kijana huyo alimgonga mzee aliyekuwa anakokota baiskeli njia ya Naliendele. Mzee amevunjika mguu, amelazwa Ligula. Polisi wamenipigia simu mimi. Bima iliisha tangu Februari. Ndugu wa mzee wameshakuja kwangu mara mbili. Mdogo wangu anasema mimi ni jina tu, nikibanwa niseme pikipiki iliibiwa. Mama anasema nisimwaibishe mjomba wa wanangu. Hela ya pikipiki hiyo sijaila, labda elfu kumi ya mboga anayonitumia kila Ijumaa. Kadi ninayo mimi, ipo kwenye mkebe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Je, nitafungwa? Nitalipa mimi? Jina langu nilitoeje?"
Mama watatu, Mtwara

Marahaba mwanangu, na pole. Mfikishie pole na huyo mzee, kama bado hujaenda kumwona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye elfu kumi ya mboga. Nitairudia. Tuanze na la wizi, maana hilo haliwezi kusubiri.

Usiseme imeibiwa. Kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa la jinai, na hilo litakuwa lako peke yako, mdogo wako hatakusaidia kulibeba. Mpaka leo hujamgonga mtu. Ukishasema maneno hayo utakuwa umejitengenezea kesi yako mwenyewe. Halafu hadithi yenyewe haifiki jioni. Kijana atasema nani alimpa pikipiki, wenzake wa kijiweni wanajua hesabu anampelekea nani, na wewe utaulizwa iliibiwa lini na uliripoti kituo gani. Wakikuuliza nani alikuwa anaendesha, mtaje. Mwenye kadi anatakiwa kutoa jina la aliyekuwa na chombo, na kufanya hivyo si kumchongea mtu.

Kuhusu kufungwa: kosa la kuendesha kwa uzembe ni la aliyeendesha. Kadi haikuvishi kosa ambalo mikono yako haikulifanya. Hapo pumua kidogo. Ila usipumue sana, kwa sababu kuna suala la bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haimshiki aliyetumia chombo bila bima peke yake. Inamshika pia aliyeruhusu kitumike hivyo. Kwa hiyo swali litakalokujia ni hili: ulijua? Kama mambo ya bima yalikuwa mikononi mwa mdogo wako na hukuwahi kuambiwa, sema hivyo. Kama alikwambia mwezi Machi "nitakata hela ikipatikana" nawe ukamjibu haya, hilo mwambie wakili kabla hujaandika maelezo yoyote, tena mwambie kama lilivyo. Muulize pia mdogo wako kama huyo kijana ana leseni. Mtu akikabidhiwa chombo bila leseni, aliyemkabidhi naye ana la kujibu.

Bima ndogo ile watu wanaidharau, wanaikata kwa ajili ya stika ya kumwonyesha trafiki. Kazi yake hasa ni huyo mzee. Ingekuwa hai, madai ya mguu wake yangeelekezwa kwa kampuni ya bima, na ndugu zake wasingekuwa wanakaa kwenye mkeka wako wakisubiri chai ipoe.

Sasa twende kwenye fidia, ambako ndiko kwenye uzito. Mahakama zetu zinafuata kanuni ya zamani: mwenye chombo analipia uzembe wa dereva pale dereva anapokuwa anafanya kazi ya mwenye chombo. Kumwazima mtu tu hakutoshi. Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo mawakili wanaipenda, iliamuliwa mwaka 1972. Gari lilikuwa la mke, mume akilitumia kwenda kazini. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku akilewa atampa rafiki usukani. Siku ikafika, akampa rafiki, gari likapata ajali, yule rafiki na mume wakafa, abiria walioumia wakamshtaki mke. Wale majaji wa juu kabisa wa huko wakasema mke halipi: dereva hakuwa kwenye shughuli ya mke usiku ule. Hukumu ya Uingereza haiifungi mahakama yetu, ila sheria zetu za madai zimetoka kwenye shina hilohilo na majaji wetu huziangalia.

Kwa lugha ya kijiweni, swali ni moja tu: kijana huyo alikuwa anamwita nani tajiri? Anayepokea hesabu jioni ndiye aliyemtuma barabarani. Kwa maelezo yako, huyo ni mdogo wako.

Lakini mahakama haianzii kijiweni. Inaanzia kwenye kadi. Jina lililopo pale linachukuliwa kuwa ndiye mwenye mali mpaka aonyeshe vinginevyo, na kazi ya kuonyesha ni yako. Mdogo wako akisema wewe ni jina tu, anasema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba jina ndilo linalopelekewa wito.

Na hapa ndipo elfu kumi inapoingia. Wewe umeiita ya mboga. Wakili wa upande wa pili atahesabu: Ijumaa nne kwa mwezi, miezi kumi na miwili, miaka miwili tangu kijana aanze kuendesha kwa hesabu. Atatoa orodha ya miamala ya simu yako, kisha atamwambia hakimu: kadi ni yake, ameitunza mwenyewe kwenye mkebe, na kila wiki anapokea mgawo, mnataka mwenye mali awe vipi zaidi ya hapo? Sisemi atashinda. Dada kutumiwa hela ya mboga na kaka yake ni jambo la kawaida, na kama alikuwa anakutumia hata kabla pikipiki haijanunuliwa, hiyo ni silaha yako kubwa. Angalia simu. Ujumbe wowote usiufute, wa kukusaidia wala wa kukuumiza.

Tafuta na hivi: risiti ya dukani iliponunuliwa, hela iliyolipa ilitoka simu ya nani, nani alikuwa anapeleka pikipiki kwa fundi, nani alikata bima ya mwisho. Kijana mwenyewe ni shahidi wako kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiungane na wanaomtukana. Familia ya mzee ina miaka mitatu ya kufungua madai ya namna hii, basi karatasi hizo zisiishie kufungia maandazi.

Wakija tena, wakaribishe. Nenda Ligula na uji. Ukitoa hela ya dawa, iandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa kuwa ni mchango wa matibabu, iandikwe na kiasi, mtie saini wote. Usiandike kwamba umekubali deni. Mdogo wako awepo, na hela itoke mfukoni mwake. Wakili akiwa ghali, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambulika. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri wakuelekeze.

Kutoa jina kunafanyika TRA: mkataba wa kuhamisha umiliki, kadi halisi, TIN zenu wote wawili, ushuru wa stempu na ada zake. Mdogo wako sasa bila shaka ana NIDA, hana kisingizio. Angalieni kwanza kama namba ya pikipiki haidaiwi faini. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza gari kwa mtu wa heshima zake pale Lindi, akaniahidi kuhamisha kadi "wiki ijayo". Wiki ijayo ilichukua mwaka na miezi miwili. Nilipokuja kuingiza namba kwenye mtandao wa polisi nikakuta faini sita za elfu thelathini thelathini, kuanzia Mingoyo mpaka Kibiti, wakati huo mimi nimeketi Mtanda natengeneza mkeka. Nilimfuata, akacheka. Nililipa mimi.

Ila jua kwamba kuhamisha leo hakufuti ajali ya mwezi uliopita. Siku ile kadi ilikuwa yako, na hiyo haibadiliki. Pia usikimbilie TRA wakati pikipiki iko chini ya polisi, itaonekana unaficha mali. Mwulize kwanza askari anayepeleleza.

Mama yako sasa. Kwetu Kusini najua uzito wa neno alilokwambia. Mjomba ndiye anayeitwa watoto wakienda jando, ndiye anayeulizwa posa ikija, na kumsimamisha mjomba mbele ya askari ni kama kuvunja chungu cha ukoo. Lakini mwulize mama kwa upole: kazi ya mjomba ni kuwabeba watoto wa dada yake, au kumtanguliza mama yao mahakamani? Mwite mdogo wako mbele ya mama, si kwenye simu. Usimwambie amekukosea. Mwambie maneno mawili tu: kesho twende wote kituoni ukaandike kwamba pikipiki ni yako na kijana ni wako, na kesi ikiisha twende wote TRA. Akikataa mbele ya mama, mama mwenyewe atakuwa amesikia, na hutahitaji tena kumwaibisha mtu.

Kadi itoe kwenye mkebe wa kliniki, itolee nakala mbili, halisi akabidhiwe askari kama ataihitaji na uandikishiane naye. Na Ijumaa hii ile elfu kumi ikiingia, irudishe siku hiyohiyo.