Unayerudi Nepal na hela za nyumba, zishike kwanza

Mleta mada, hizo hela usizitoe. Umeuliza visa, mwezi wa kwenda, zawadi na mengine, nitayafikia nikikumbuka. Nimesoma hadi pale unaposema umechangisha ili umjengee mama aliyekulea kule wilaya ya Kavre wakati wa mafunzo ya kujitolea, nyumba yake ikiwa imebebwa na mafuriko ya Septemba 2024, na kwamba utamkabidhi mkononi mbele ya familia. Chai imenipoa hapa.

Mimi nilijitolea Nepal kabla ya tetemeko. Kabla ya kupangiwa vituo tulipelekwa kijiji kimoja cha Sindhupalchok, tukakaa na wenyeji, tukafundishwa lugha na kulishwa wali na dengu asubuhi na jioni mpaka tukakoma kuuliza kuna nini leo. Tarehe 25 Aprili 2015 likapiga tetemeko la 7.8. Walikufa karibu watu 9,000 nchi nzima, na hakuna wilaya iliyozika wengi kama Sindhupalchok. Nyumba ya ama wangu (ama ni mama kwa lugha yao, yule mwenyeji aliyekaa nami kijijini) ililala chini. Yeye alikuwa shambani, akapona.

Nilirudi na michango ya wenzangu kazini, baridi inaanza, nikamkuta anaishi kwenye kibanda cha mabati. Mama wa watu alitaka kusubiri. Alisema watu wa serikali watapita kuandikisha nyumba. Mimi mjuaji nikamwambia utasubiri hadi lini na baridi hii? Nikatafuta fundi wa palepale, tukaokota mawe ya nyumba ileile iliyoanguka, udongo wa kujengea, ghorofa juu kama zamani. Picha nilipiga hadi simu ikajaa.

Baadaye ruzuku ikatoka: rupia 300,000 kwa kaya, kwa awamu. 50,000 za kuanzia, 150,000 mhandisi akishakagua msingi, 100,000 akishapitisha kuta. Mhandisi alipofika kwa ama akaizunguka kazi yangu. Hakuna mikanda ya kufunga kuta, hakuna mawe marefu ya kushikanisha upande wa ndani na wa nje, halafu ghorofa nzima imekalia udongo. Akakataa kuipitisha. Majirani waliovumilia kwenye mabati, wale niliokuwa nawahurumia, wakalipwa awamu zote na wakapata nyumba zilizofungwa vizuri. Ya kwetu ikabidi ibomolewe.

Aliyelipia si mimi, zangu zilishaisha. Kijana wake mkubwa alikuwa Qatar kwenye ujenzi. Ndiye aliyekopa, na akaongeza mkataba ili alipe deni lililoletwa na huruma yangu. Hajawahi kunitukana. Bora angenitukana.

Sasa yule afisa wa shirika pale Kathmandu, aliyenishauri "wewe ni familia, mpe mkononi, serikali hii utaisubiri mpaka uote mvi"! Ana gari, ana dereva, ana semina za maendeleo vijijini kila mwezi, na hakuwahi kuuliza hata mhandisi mmoja. Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, maana serikali ilichelewa sana. Nilipomrudia akasema yale yalikuwa maoni yake binafsi. Mvi nimeota mimi.

Kwa hiyo shika hili tu, mengine hata ukiyaacha: hela haitoki mfukoni kabla hujaona mchoro uliopitishwa na manispaa yao, na hati ya ardhi, kule wanaiita lalpurja. Wewe kesi yako ni ngumu kuliko yangu. Tetemeko linaangusha nyumba linakuachia kiwanja, mto unaondoka na kiwanja chenyewe. Kama alikuwa kando ya mto Roshi, utamjengea wapi, palepale? Muulize yeye kaandikishwa wapi na anasubiri msaada gani, usije ukamgharimia kitu kitakachomtoa kwenye orodha. Akikwambia tusubiri, msubiri. Waliokuchangia watapiga kelele wanataka picha za msingi. Watumie picha ya mlima, ipo mingi.

Najua mtaniambia kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Sawa, beba doti ya kanga. Ya kwangu ama anaifungia majani ya mbuzi, na imedumu kuliko ile nyumba. Na ukiangukia sikukuu ya Dashain, mwezi wa tisa au wa kumi hivi, wazee ndio wanaowapaka vijana tika, ile alama ya paji la uso, na kuwapa noti. Akikupa, pokea. Usianze ubishi wa nani ana hela.

Visa unachukua uwanjani Tribhuvan, dola 50 kwa siku 30. Ukipanga kuingia India njiani, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, wale jamaa wanaweza kukutenga hadi siku sita. Mengine uliyouliza yamenitoka.

Hicho kiwanja kina jina la nani?