Kabla ya kulichora jani, lipande

Nilipoanza kuuza picha, kijani changu kilikuwa kimoja tu: kile cha kopo. Minazi, migomba, nyasi za uwanja wa mpira, vyote nilivipaka hicho hicho, na kazi zangu ziling'aa kama beseni jipya. Watalii walinunua, sisemi uongo. Siku moja nikampelekea picha ya shamba mzee anayenitengenezea fremu hapa Tanga. Akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huu mgomba wako haujawahi kupigwa na upepo?"

Nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Baadaye nikaalikwa kwenye maonyesho Ujerumani. Mama aliyenipokea alikuwa na vyungu vya maua dirishani: maua ya zambarau yenye kiini cha njano, majani yenye vinyweleo laini kama mahameli. Nikamuuliza yanaitwaje. Akasema Usambaraveilchen. Neno lenyewe lilinishinda kutamka, ila mwanzo wake niliusikia vizuri sana. Mimi ni mtoto wa Muheza, milima ya Usambara Mashariki naiona tangu utotoni, na ua hilo sikuwahi kulichora hata mara moja! Zama za ukoloni ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia. Wao wakalimwagilia dirishani, sisi tukapita nalo njiani.

Niliporudi nilipanda gari hadi Amani, kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Msituni nikalikuta kwenye mwamba wenye maji yanayochuruzika, kivulini kabisa. Simu niliiacha mfukoni. Nilikaa pale karibu saa tatu na penseli na kisanduku cha rangi za maji, na kijani changu cha siku zote kikagoma. Jani lile lilikuwa na weusi, lilikuwa na bluu, na ukingoni palikuwa na wekundu ambao simu isingenionyesha. Nanyi mkienda, chora uache palepale. Using'oe. Misitu inakatwa, na baadhi ya aina za ua hili zimebaki chache mno.

Safari ilinionyesha kwamba sioni. Kuona nimejifunzia uani.

Nina kipande cha hatua kumi kwa sita nyuma ya nyumba: matembele, mchicha, bamia, mgomba mmoja, na bogonvilia iliyoegemea ukuta. Ukilima kitu unalazimika kukitazama kila asubuhi, maana unatafuta wadudu. Hapo ndipo nilipojua kwamba jani changa la mgomba lina njano nyingi, na lililokomaa huchanika vipande sambamba kufuata mishipa yake, wala halichaniki ovyo kama nilivyokuwa nachora. Bogonvilia nayo ilinishangaza: ile rangi kali tunayoiita ua ni majani, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati.

Kwa hiyo kama unaanza, kopo la kijani liweke kando mwezi mmoja. Changanya njano na bluu, halafu tia nyekundu kwa ncha ya brashi tu ili kupunguza ule ukali. Chagua mmea mmoja, hata mchicha kwenye ndoo iliyotobolewa kama unakaa ghorofani, uuchore kila Jumapili mpaka utoe mbegu. Pembeni andika tarehe na kama mvua ilinyesha. Michoro yenyewe itakuwa mibaya. Yangu ipo kwenye daftari na sitamwonyesha mtu.

Bustani ina faida nyingine ambayo wasanii tunaona haya kuitaja. Kuna hoteli moja iliniagiza picha nne, ikanilipa baada ya miezi minane. Miezi hiyo tulikula matembele mpaka watoto wakaanza kuyakimbia.

Juzi nimempelekea yule mzee picha ya mgomba wa uani, jani moja limechanika, jingine limekauka na kuning'inia. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akavaa miwani, akaivua tena. Kisha akaniuliza kama mkungu wenyewe umeshaiva, na kama kuna chane yake.