Kabla ya kukariri alama, tazameni tanuri la chokaa

Kwenu mnaoanza mada ya nishati katika menyuko za kemikali: msikimbilie kukariri wapi pa kuweka alama ya kutoa. Anzeni na chokaa. Watu wa pwani wamechoma mawe ya matumbawe tangu enzi za kujenga Gedi na Kilwa, na hesabu nzima ya mada hii imo humo.

Moto ukiwashwa tanurini, kalsiamu kaboneti iliyo kwenye mawe haiachii kabonidayoksaidi yake sawasawa mpaka joto likaribie nyuzi 900 za Selsiasi. Kila moli (kipimo cha kemia cha idadi ya chembe) hufyonza takriban kilojuli 178. Nishati hiyo haikupotea. Chukua chokaa iliyotoka hapo, uimwagie maji: itachemka, itatoa mvuke, itapasuka na kuwa unga. Mafundi huita kuzima chokaa, nanyi mkae mbali na mvuke wake, maana ni hatari kwa macho. Hapo zimerudi kilojuli kama 65 kwa moli. Zilizobaki, kama 113, hutoka ukutani, lipu inapovuta kabonidayoksaidi hewani na kugeuka jiwe tena, polepole mno hata ukigusa ukuta husikii joto. Jumlisha 65 na 113: ni 178 ile ile. Kanuni ni kwamba jumla ya nishati haitegemei njia wala hatua ulizopitia; mkemia Germain Hess aliitangaza mwaka 1840, na mimi sijaona mfano unaoieleza vizuri kuliko chokaa.

Sasa kosa ninalokutana nalo kila mwaka: "kifungo kikivunjika, nishati hutoka." Sivyo. Kuvunja kifungo, yaani kinachoshika atomi pamoja, hugharimu nishati. Kuunda kipya ndiko kunakoitoa. Nilikaa na kosa hilo hadi chuo, kwa kuwa niliambiwa mafuta ya taa yana nishati ndani ya vifungo vyake, nami nikaridhika. Hesabu moja ndiyo iliyonitoa gizani. Kuvunja moli moja ya haidrojeni kunataka kilojuli 436, ya klorini 242, jumla 678. Zikiungana kuwa moli mbili za haidrojeni kloraidi, kila moja hutoa 431, jumla 862. Zimezidi 184, na hizo ndizo joto linalotoka.

Tunaandika hasi 184 kwa sababu vitu vinavyomenyuka ndivyo vilivyopungukiwa nishati. Kipimajoto chako kiko upande wa pili, kwenye mazingira, kwa hiyo kinapanda. Jiulize kila mara: ninahesabu mfuko wa nani?

Maabara, mtachanganya sentimita za ujazo 50 za asidi ya haidrokloriki na 50 za sodiamu haidroksaidi, zote za moli moja kwa lita. Tumieni kikombe cha plastiki chenye kifuniko, si bika ya kioo. Kwenye hesabu ya joto, tungamo la mchanganyiko wote ni gramu 100, si 50. Wengi huangukia hapo. Kwa kuwa mmenyuko huu hutoa kilojuli kama 57 kwa kila moli ya maji inayoundwa, joto lingepaswa kupanda karibu nyuzi 6.8. Ninyi huenda mkapata 6, au hata 5.5, kwa sababu kikombe na hewa vimechukua sehemu yao. Tafadhali msiibadilishe namba ifanane na ya kitabu. Andikeni 5.5, fanyeni hesabu itoke kama kilojuli 46, kisha elezeni hizo nyingine zimekwenda wapi.